Binti yangu anataka jeshi la Marekani limsomeshe udaktari

Shikamoo dada,

Nakuandikia kutoka Kibosho, Moshi Vijijini. Nina miaka 55, ni mjane, na siku hizi usingizi umenihama kwa sababu ya binti yangu wa kwanza.

Baba yake alipata green card kwa bahati nasibu mwaka 2012, akaondoka naye akiwa na miaka kumi. Mimi nilibaki na mdogo wake wa kiume kumuuguza mama mkwe, kwa makubaliano kwamba tutafuata baadaye. Hatukufuata. Mwaka 2016 mume wangu alifariki huko Minnesota na binti akalelewa na shangazi yake. Nashukuru Mungu amekua vizuri, amesoma, na mwezi uliopita alinipigia akilia kwa furaha: amepata nafasi chuo cha udaktari.

Wiki iliyofuata akapiga tena, sauti imebadilika. Ada ni dola 62,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, mbali na chakula na pango. Akasema kuna mpango wa jeshi la Marekani unaolipa yote hayo, halafu ukimaliza unawatumikia kama daktari. Ameshaongea na ofisa anayeandikisha. Huyo ofisa amemwambia atachagua mwenyewe pa kufanyia kazi, na kwamba madaktari hawapelekwi vitani. Fomu za uraia wa Marekani ameshapeleka, maana bila uraia hawamchukui. Kilichobaki, anasema, ni baraka zangu.

Shemeji yangu anasema ni aibu mtoto wetu kwenda kuvaa gwanda za nchi ya watu wakati ardhi tunayo. Anataka tuuze sehemu ya chini ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, ile iliyo karibu na mfereji. Yupo mtu wa mjini anataka kujenga nyumba za wageni, ametaja milioni 60. Sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa nimepanga kumwachia huyu binti, ingawa kwa mila zetu wasichana hawahesabiwi. Kwenye ile migomba amelala babu yao na bibi yao.

Dada, kuna jambo jingine ambalo binti sijawahi kumsimulia. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka saba. Kaka yangu mkubwa alikuwa askari. Jioni moja alipita nyumbani kwetu Uru, akala ndizi na nyama akiwa amesimama, akavua shati lake la kiraia akampa mama alifue, akasema atalichukua akirudi. Vita vya Kagera vikamchukua. Amelala Kaboya, kule Muleba, pamoja na wenzake. Mama alilifua lile shati, akalikunja, akaliweka sandukuni mpaka naye akafariki. Sasa ninalo mimi.

Nimkatalie? Niuze? Na nikikubali, huyu mtoto atarudi lini nyumbani? Nilikuwa nikiwaambia watu kanisani kwamba akimaliza atakuja kufanya kazi hospitali ya KCMC hapa Moshi.

Mama wa Kibosho

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilianzia kwenye shati, ndipo nikaelewa kwamba hukuniandikia kwa sababu ya ada. Nitafika huko. Kwanza nikutue mzigo mmoja ambao hukupaswa kuubeba.

Usiuze kihamba. Milioni 60, ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni dola 24,000. Ada ya binti yako ni 62,000 kwa mwaka, yaani 31,000 kwa nusu mwaka. Utauza makaburi ya wakwe zako na ardhi haitamfikisha hata mwisho wa muhula wa kwanza. Shemeji ana uchungu wa ukoo na simlaumu, lakini mkalishe na kalamu na karatasi, mwandikie hizo namba tatu. Akishaziona, mazungumzo ya kuuza yatakwisha.

Sasa tuuangalie huo mpango wenyewe. Unaitwa HPSP, na unatolewa na jeshi la nchi kavu, la maji na la anga la Marekani. Ni wa kweli, si utapeli. Wanalipa ada yote, vitabu na vifaa, wanampa mwanafunzi posho ya kila mwezi inayozidi dola 2,000, na wengi hupewa dola 20,000 za kianzio wanapojiunga. Anaapishwa kuwa ofisa akiwa bado mwanafunzi, na cheo chake kwenye nchi kavu au anga ni luteni usu. Kila mwaka anatumikia siku 45 kwa mshahara wa ofisa, na muda unaobaki anaishi kama mwanafunzi mwingine yeyote. Siku ya kumaliza udaktari anapandishwa kuwa kapteni. Madaktari wengi wa Marekani huanza kazi wakiwa na deni linalokaribia dola 200,000. Huyu ataanza bila deni la ada. Mtoto aliyeona mbali hivyo bila baba, mpe haki yake, ana akili.

Ila jeshi halidai fedha. Linadai miaka, na miaka hiyo ndiyo ambayo hakuna aliyekuhesabia. Chukua daftari tuhesabu pamoja.

Binti ana miaka 24. Miaka minne ya chuo, ana 28. Hapo wewe unamwona yuko njiani kuja KCMC. Lakini Marekani daktari akimaliza chuo haendi kufanya kazi peke yake, anaingia mafunzo ya ubingwa. Akichagua magonjwa ya watoto au magonjwa ya ndani ni miaka mitatu, amefika 31. Akichagua upasuaji ni mitano, amefika 33. Na sikiliza hapa: akifanyia ubingwa wake kwenye hospitali ya jeshi, miaka hiyo haipunguzi deni lake. Kulipa kunaanza akishamaliza. Kila mwaka waliomlipia ni mwaka mmoja wa kazi, kwa hiyo ni miaka minne. Daktari wa watoto anatoka akiwa na 35, daktari wa upasuaji 37. Na mkataba kwa ujumla ni wa miaka minane ya uofisa. Kama kuna iliyobaki baada ya kutoka kazini, jina lake linakaa kwenye orodha ya jeshi la akiba, anaishi uraiani lakini wanaweza kumwita.

Kuna njia nyingine hutokea, hasa jeshi la maji. Baada ya mwaka mmoja wa mafunzo wanaweza kumtoa akawe daktari wa kikosi kwa miaka kadhaa, kisha ndipo arudi kusomea ubingwa. Hapa ndipo namtilia shaka yule ofisa anayeandikisha. “Atachagua mwenyewe pa kufanyia kazi” si kauli ya kuachwa ipite. Mwanafunzi wa mpango huu anaomba ubingwa kwanza kupitia jeshi, na majibu hutoka Desemba ya mwaka wa mwisho. Anaandika anachopenda na anapotaka, kisha wanapanga kwa mahitaji yao. Wengi hupata walichotaka. Wengine wanapewa kitu kingine, au wanaambiwa wasubiri. Mwambie binti kila ahadi ya yule ofisa aitafute kwenye karatasi ya mkataba, na ambayo haimo aihesabu kama haikusemwa. Na atafute madaktari wawili watatu waliopita njia hiyo na wakatoka, awaulize wao. Ofisa wa kuandikisha kazi yake ni kuandikisha.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mimi nilisomeshwa uuguzi miaka ya 1980 na taasisi moja ambayo sitaitaja, kwa mkataba wa kutumikia miaka mitatu. Nilikuwa na miaka 19, nikasaini ukurasa wa mwisho bila kusoma wa kwanza. Walinipeleka kanda ya ziwa, siku mbili kwa basi. Mwaka wa pili baba alifariki, ruhusa ikachelewa, nikafika Marangu udongo umeshakauka juu ya kaburi. Kazi niliipenda na bado naishukuru ile nafasi. Lakini kwa miaka mingi nilijiuliza: kama kuna mtu mzima angekaa nami jioni moja akanihesabia miaka na umbali, kama ninavyokuhesabia wewe, ningesaini? Nadhani ningesaini. Ila ningekuwa nimemuaga baba kwa namna nyingine.

Turudi kwa binti. Kuhusu vita, ukweli uko katikati ya ofisa na woga wako. Akiwa chuoni hawezi kupelekwa popote, na wakati wa ubingwa kwa kawaida hatumwi. Baada ya hapo anaweza kutumwa, na aliyemwambia madaktari hawaendi amemdanganya. Daktari wa jeshi yupo kwa ajili ya siku hiyo. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kuwalenga wahudumu wa tiba, lakini bomu halichagui, na wapo madaktari wa jeshi la Marekani waliokufa Iraq na Afghanistan. Upande wa pili ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yao ni hospitali za kawaida kabisa: kuzalisha wake wa askari, kutibu watoto wao, kuwapima wastaafu. Hospitali yao kubwa kuliko zote nje ya nchi yao iko Landstuhl, Ujerumani. Anaweza kumaliza miaka yake minne akichoma sindano za surua. Anaweza pia kupitisha mwaka mzima kwenye hema jangwani. Hakuna anayejua vita vya mwaka 2035, mimi sijui, na yule ofisa naye hajui.

Kuna jambo ambalo nadhani hamjalizungumza wawili ninyi, nalo kwangu ni zito kuliko vita. Uraia. Siku atakapokula kiapo cha Marekani, kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 anaacha kuwa Mtanzania, kwa kuwa mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Atakapotua uwanja wa ndege wa KIA kuja kukuona atakuwa amelipia viza, dola 100. Na kwa sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, zilivyoandikwa awali, asiye raia hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Ile sehemu ya karibu na mfereji, uliyopigania kumpa ukivunja mila ya wanaume, huenda isiweze kuandikwa jina lake. Hadhi maalum ya Watanzania waishio nje, usiijengee mpango kabla hujakwenda ofisi ya Uhamiaji hapo Moshi na kwa mwanasheria wa ardhi ukaulizia inampa nini hasa. Mdogo wake yupo. Kihamba kikiandikwa kwa kijana, na wewe ukiwa hai ukiwakutanisha wakakubaliana mbele ya ukoo kwamba dada ana mahali pa kulala na pa kuzikwa, utakuwa umefanya kadiri sheria inavyoruhusu. Lifanye hilo mapema.

Sikwambii haya ili umzuie uraia. Ameishi kule tangu ana miaka kumi, baba yake amezikwa na watu wa kule. Nakwambia ili asije akagundua akiwa na miaka 37, amesimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.

Je, zipo njia nyingine? Zipo, na aziangalie zote kabla ya kusaini. Ipo huduma ya serikali yao inayoitwa National Health Service Corps: inasomesha kwa sharti lilelile la mwaka kwa mwaka, ila unalipa kwa kutibu watu kwenye maeneo ya Marekani yenye uhaba wa madaktari, bila gwanda. Nayo inataka raia, na inataka madaktari wa tiba za msingi, kwa hiyo akiwa na ndoto ya upasuaji wa moyo haimfai. Kipo chuo cha jeshi lenyewe, kiko Bethesda, Maryland: hakina ada, mwanafunzi anapokea mshahara kamili wa ofisa, na deni lake ni miaka saba. Halafu ipo mikopo. Hapa awe mwangalifu, kwa sababu sheria iliyopitishwa huko mwaka 2025 imeweka ukomo: wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026 kwa masomo kama ya udaktari wanapata mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kutoka serikalini. Ada yake peke yake inapita hapo. Zinazobaki atazitafuta benki binafsi, ambako riba na masharti ni ya benki. Na msamaha wa deni kwa wanaofanya kazi za umma unataka malipo ya miaka kumi. Ukianza kuhesabu toka ana 28, amefika 38. Kwa hiyo usifikiri ukimkatalia jeshi atarudi mapema. Kwa njia yoyote ile, huyu daktari hatafika KCMC akiwa na miaka 28. Pole sana kukuambia hivyo. Waambie na wale wa kanisani, kidogo kidogo.

Sasa, umkatalie? Hapana. Ni mtu mzima, na saini ni yake. Ukimkatalia ataona mama amechagua woga wake badala ya maisha ya mtoto, na anaweza kusaini vilevile kwa hasira. Lakini usimpe baraka kwenye simu kesho, kwa sababu kuna swali moja hujamuuliza, nalo ndilo ninalotaka umuulize kabla ya mengine yote: “Mwanangu, kama chuo kingekuwa bure, ungevaa hizo gwanda?”

Muulize kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akisema ndiyo, na akaweza kukueleza kwa nini, kwamba anataka kutibu askari, kwamba nidhamu ile inamfaa, kwamba kupelekwa mbali hakumtishi, basi anaijua njia na wewe mpe baraka zote bila kubakiza. Wapo wanaoipenda kazi hiyo hata wakabaki jeshini mpaka wanastaafu. Akisita, au jibu lake likawa ada, ada, ada, mwambie arudi kwenye zile njia nyingine akae nazo mwezi mzima. Deni la fedha la miaka minne ya chuo linaumiza, lakini mtu anaweza kuamka asubuhi na kubadili kazi. Ofisa wa jeshi hawezi. Na akiacha chuo katikati, jeshi linaweza kumdai fedha zote au kumtaka atumikie kwa namna nyingine. Ni afadhali nimuone mtoto ana deni kuliko kumuona amevaa nguo isiyo yake.

Mengine ya kumuuliza ni mafupi. Ana pumu, au aliwahi kuvunjika, au kufanyiwa upasuaji? Uchunguzi wao wa afya ni mkali, na asifiche chochote. Anafikiria kuolewa na kupata watoto kati ya miaka 28 na 35? Basi ahesabu na huyo mume, maana kambi zitahamahama. Shangazi yake aliyemlea anasemaje? Sijaona jina lake kwenye barua yako zaidi ya mara moja, na yeye ndiye anayemwona huyu mtoto kila siku. Mpigie kabla ya kumpigia binti.

Mwisho, kaka yako. Umesema binti hujawahi kumsimulia. Nakuelewa, kwetu tuliwafungia wengi sandukuni namna hiyo. Lakini huyu mtoto anafikiria kuingia jeshini na hajui kwamba ana mjomba aliyelala Kaboya. Anakuona unasita na anadhani ni suala la gwanda za Marekani, au maneno ya shemeji. Ana haki ya kujua unachokiogopa, ili akichagua achague akijua, na wewe usibaki na siri hiyo koo imekukaba kila akikupigia.

Mpigie Jumapili saa tatu usiku, kwake itakuwa mchana. Tumia simu ya kijana ili muonane kwa video. Usianze na ada wala uraia. Litoe lile shati kwenye sanduku, likunjue mbele yake polepole, mwonyeshe kola na vifungo, umwambie lilikuwa la nani na lilivuliwa jioni gani.